Mshumaa wa Fundi Wellars

Kabla ya kunywa chai, kabla ya kufungua sanduku la spana, hata kabla ya kuvua koti, fundi Wellars alikuwa na kazi moja ya asubuhi ambayo hakumwachia mtu. Alichukua kopo la nyanya lenye kipande cha mshumaa ndani, akakiwasha, akalining'iniza kopo kwenye waya mrefu na kuliteremsha taratibu kwenye shimo la gereji yake, shimo ambalo watu wa Gisenyi huliita fosi. Kopo likifika chini, alihesabu hadi sitini. Moto ukiendelea kucheza, alivuta waya, akauzima kwa vidole, na siku ikaanza. Moto ukizimika wenyewe, hakuna aliyeshuka humo siku hiyo, hata aje mkubwa gani na gari la aina gani.

Katika miaka kumi na minne ya gereji ile, mshumaa ulizimika mara mbili tu, na zote mbili zilikuwa baada ya mwaka 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka na ardhi ikatetemeka siku baada ya siku. Mtetemeko ulipasua nyumba nyingi mjini. Kwa Wellars uliacha ufa ulioanzia ukuta wa nyuma, ukapita chini ya fosi na kwenda kuishia kwa jirani. Aliuziba kwa saruji. Mwaka uliofuata saruji nayo ikapasuka, mstari mwembamba tu, akaiziba tena na kuendelea kuteremsha kopo lake.

Alichokuwa anakitafuta kinaitwa mazuku. Ni hewa inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hujilaza kwenye mashimo na mabonde kama maji, ila maji haya huyaoni. Haina rangi wala harufu. Wellars alizaliwa Goma, ng'ambo ya mpaka, na alikuwa na miaka tisa siku baba yake mdogo aliposhuka kwenye bonde dogo nyuma ya nyumba kumtafuta mbuzi, akalala kando ya mbuzi huyo. Baba yake Wellars alimwona ndugu yake amelala, akakimbia kumwinua. Naye akalala. Mama alikuwa njiani kuwafuata, majirani walipomkamata kanga, wakamshikilia huku akiwatukana na kuwauma mikono. Ndiyo maana Wellars alikua na mama.

Kutoka siku ile alibeba sheria moja, akaifundisha kila aliyekanyaga gereji yake. Mtu akianguka shimoni, usimfuate. Fungua hewa kwanza.

Mambo mengine ya maisha yake yalikuwa ya kawaida. Alijifunza ufundi Goma, akavuka kuja Rwanda akiwa kijana, akaoa Libérata wa Rugerero, akanunua kiwanja kidogo karibu na mpaka, mahali ambapo kelele za wachuuzi wanaovuka huanza alfajiri. Kazi yake ilikuwa ekzosi, yaani eshapma kama wanavyosema huku: kukata mabomba yaliyooza, kupinda mapya, kuchomelea. Malori ya viazi kutoka Kanzenze, mabasi madogo ya abiria, pikipiki, vyote alivitibu kwa sikio. Gari likipita barabarani alikuwa anasema, bila kuinua kichwa, kwamba lina tundu karibu na injini na kwamba mwenyewe atakuja Ijumaa. Na Ijumaa mtu alikuja.

Mtoto wake aliyebaki nyumbani alikuwa Gatesi, mwenye miaka ishirini na sita. Huyu alisomea kuchomelea kwa miaka miwili kwenye chuo cha ufundi, na ndani ya mwezi mmoja wa kurudi baba yake alimkabidhi mashine, maana hakuna fundi mwenye akili anayeendelea kushona chuma mbele ya mtu anayemshinda. Mshono wa Gatesi ulilala sawasawa, pete juu ya pete, kutoka mwanzo wa bomba hadi mwisho. Wellars alikuwa akiupitisha kidole baada ya chuma kupoa, akidhani binti haoni. Gatesi aliona. Yeye alikuwa na mipango: gereji yenye sakafu ya vigae, mashine ya kunyanyua gari badala ya fosi, wateja wa Kigali. Wellars alikwisha mwambia kwamba gereji ni yake, abadilishe atakavyo, na alikuwa anamaanisha kila neno.

Wawili hao walikuwa na namna yao ya kufanya kazi. Gatesi akiwa chini ya gari na baba yake juu, hawakupiga kelele. Aliye chini aligonga bomba mara mbili kwa spana, au kle kama wanavyosema huku, tii-tii, maana yake niko. Aliye juu alijibu kwa kugonga bodi mara moja, maana yake nimesikia. Waligonga kila baada ya muda mfupi, mchana kutwa, bila hata kufikiri, na jirani yao Nyirabagenzi, mjane anayeuza maharagwe ukutani mwao, alizoea kusema kwamba siku wasipogonga yeye hawezi kupima maharagwe yake sawasawa.

Sasa, Jumatatu moja asubuhi likaja gari la buluu.

Lilikuwa gari la mbio, milango miwili, limelala chini kiasi kwamba kuku asingepita chini yake bila kuinama. Mwenyewe aliitwa Hirwa, kijana wa Kigali aliyelelewa Uganda, mcheshi, mwenye heshima zake, na simu isiyoshuka mkononi. Alikuwa amebeba boksi refu lenye sailensa mpya ya chuma cha kung'aa, aliyoiagiza Dubai. Alitaka mabomba yote ya zamani yang'olewe, atengenezewe mapya, mapana, na sailensa hiyo ifungwe nyuma. Alitaka gari lisikike. Jumapili kulikuwa na mkutano wa vijana wenye magari kama hayo, na Gatesi, ambaye picha za mishono yake alikuwa ameziona mtandaoni, ndiye aliyemfanya aendeshe mwendo wa saa tatu na nusu kuja Gisenyi. Kwa nini mtu alipe ili gari lipige kelele zaidi, wakati watu wa mtaa mzima wangemlipa linyamaze, hilo ni jambo la kuwauliza vijana.

Alifika wakati Wellars ameinama juu ya fosi na waya wake. Simu ikainuka.

"Muzee, hii ni nini? Unaombea gari yangu?"

"Naangalia mazuku," alisema Wellars.

"Mazuku ni ya Goma! Huku si ni Rwanda?"

Alicheka, na waliokuwepo wakacheka, kana kwamba hewa hupanga foleni mpakani na kuonyesha kitambulisho. Wellars alimaliza sitini zake. Moto ulikuwa mzima. Alivuta kopo, akauzima kwa vidole.

Kuliweka gari lile juu ya fosi kulihitaji mbao nne na wanaume sita, maana mdomo wake wa mbele ulikuwa unakwaruza kila kitu. Lilipotulia, lilifunika shimo kama mfuniko wa sufuria. Malori na mabasi huacha nafasi pande zote, mwanga unaingia, upepo unaingia. Hili halikuacha kitu, isipokuwa upenyo mdogo nyuma, ambako Gatesi aliteremka kwa ngazi. Alifungua mabomba ya zamani, akapima, akapanda juu akiwa na furaha. Siku hiyo hakuna lililotokea.

Mchana video ilikuwa imeenea. Hirwa aliipa jina, Mganga wa Ekzosi, na watu elfu kadhaa walikuwa wamemtazama Wellars akiinama na kopo lake. Hakuwa na nia mbaya, kijana wa watu. Lakini Gatesi alisoma maneno yaliyoandikwa chini yake, moja baada ya jingine, akamfuata baba yake kwenye beseni la kunawia na kumsemesha kwa Kiswahili cha Goma, ambamo njo ni ndiyo.

"Papa, angalia vile batu banatucheka. Bale ba Kigali njo tunataka balete magari yao. Mi sikusoma miaka mbili juu niitwe binti ya muganga."

"Ile mushumaa njo inafanya tuko bazima."

"Najua, papa. Lakini iko kifaa ya kupima hewa, ya kisasa. Tukimaliza hii kazi tutainunua. Donc, basi, hizi siku mbili tu, tuache kopo. Naomba."

Hirwa naye alikuwa na neno lake, tena la maana: hakutaka moto wowote chini ya gari lenye petroli na mabomba yaliyo wazi. Hilo Wellars aliliona ni kweli. Malori ya dizeli hayakuwahi kumletea tatizo hilo. Angeweza kusema, basi tuliondoe gari kila asubuhi. Wanaume sita, mbao nne, mdomo ukikwaruza, kila asubuhi, na simu ikipiga picha. Alimtazama binti yake, akaona uso wake ulivyochoka kwa aibu ambayo yeye ndiye aliyeileta.

"Siku mbili," alisema.

Jumanne kopo lilibaki juu ya rafu. Gatesi alishinda mezani, uani, akikata na kuchomelea mabomba mapya, na hakuna aliyehitaji kushuka. Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Wellars alizunguka gari lile mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akachungulia ule upenyo wa nyuma, akaona giza tu. Alasiri Nyirabagenzi aliingia akiwa na kikapu kichwani.

"Papa Gatesi, hamukuona kuku yangu? Ile nyekundu."

"Hapana, mama. Labda iko inajificha mvua."

Nyirabagenzi akaenda akiita kuku wake mtaa mzima. Wellars alibaki amesimama na kitambaa mkononi. Kisha mteja wa pikipiki akamwita, akaenda.

Jumatano asubuhi walisubiri gasketi kutoka Goma, ikachelewa mpakani, ikaja saa tano. Kufikia hapo watu walikuwa wamejaa gerejini: waendesha pikipiki, wanafunzi, wauza maandazi, wote wamekuja kusikia gari la buluu likilia. Hirwa alitakiwa aondoke kabla ya jioni. Wellars aliitazama rafu yenye kopo. Akayatazama mabomba yaliyopangwa juu ya meza, mshono wa Gatesi uking'aa, na akajisemea kwamba Jumatatu shimo lilikuwa safi. Kwamba saruji aliiziba kwa mkono wake. Gatesi alikuwa tayari kwenye ngazi, taa ya umeme mkononi.

Tii-tii, akagonga. Wellars akagonga paa la gari mara moja.

Kazi ilikwenda vizuri kwa robo saa. Gatesi alifanya kazi amesimama wima, mikono juu, kichwa karibu na tumbo la gari. Alifunga bomba la mbele, la katikati, akaomba sailensa ishushwe. Kisha sauti yake ikatoka chini, ya kawaida kabisa.

"Papa, huku chini leo iko joto ku miguu."

Mama yake Wellars alikuwa akisimulia mara nyingi jinsi baba, kabla ya kulala kule bondeni, aliinua mguu kama mtu aliyekanyaga maji ya moto. Wellars alikuwa akiijua habari hiyo kama jina lake. Watu walikuwa wamemzunguka, simu ya Hirwa ilikuwa juu, na kule chini taa ya umeme ilikuwa inawaka, na taa ile huwa ya moto, kila mtu anajua.

"Ni ile ampuli ya taa," alisema. "Isogeze. Maliza mbio."

"Imebaki nati moja. Washa, nisikie kama inavuja."

Tii-tii. Akajibu. Akaingia kwenye kiti, ambacho kilikuwa chini mno hivi kwamba magoti yalimjia kifuani, akawasha.

Ule mlio! Haukuwa kelele. Ulianza chini, mnene, ukapanda bila kukwaruza popote, na kioo cha duka la pili kikatetemeka. Wellars alikuwa amesikiliza ekzosi kwa miaka thelathini na zaidi na hakuwahi kusikia iliyofungwa vizuri namna ile. Hakukuwa na tundu, hakukuwa na mwanya, kila pete ya Gatesi ilikuwa imeshika. Watu walipiga vigelegele. Hirwa, akiwa nyuma na simu, alizungusha kidole hewani: tena. Wellars alikanyaga, mara ya kwanza. Alijua kwamba kwa mlio ule asingesikia spana ikigonga. Alijiambia, dakika moja tu. Hirwa alizungusha kidole, Wellars akakanyaga mara ya pili. Mara ya tatu hakuna aliyemwomba. Alikanyaga kwa raha yake mwenyewe, kwa sababu ni binti yake aliyetengeneza kile kitu, na machozi ya fahari yalikuwa yanamjia.

Alizima. Masikio yakabaki yanavuma. Alisubiri ile tii-tii.

Aliye juu hagongi kwanza, ndivyo walivyozoea, lakini aligonga mlango mara moja, kwa kifundo cha kidole. Kisha kwa ngumi. Kisha akatoka kwenye lile gari kwa magoti na kutia kichwa kwenye upenyo, na kwa mwanga wa taa akaona mgongo wa ovaroli ya buluu, umejikunja chini, umetulia.

Mguu wake ulikuwa tayari kwenye ngazi. Nyirabagenzi, aliyekuwa kwenye umati, ndiye aliyemkamata ukosi kwa mikono miwili.

"Wellars! Usishuke! Ni wewe ulitufundisha!"

Alimtukana mjane wa watu matusi ambayo hajapata kuyatamka. Alimpiga kiwiko. Nyirabagenzi hakuachia, na sheria yenyewe, ile aliyoibeba tangu bondeni, ilimshika zaidi ya mikono yake. Akageuka, akapiga kelele gari lisukumwe. Wakasukuma. Mdomo wa mbele ukanasa kwenye mbao. Kwenda nyuma ukanasa, kwenda mbele ukanasa, wanaume kumi wakiteleza kwenye tope, mpaka Hirwa, bila kuambiwa na mtu, akaushika ule mdomo wa gari lake kwa mikono mitupu na kuuvunja, vipande viwili, vidole vikitoka damu. Gari likasogea. Mwanga ukaingia. Walimnasa Gatesi mkanda wa ovaroli kwa ndoano ya kuvutia magari, wakampandisha.

Mkononi alikuwa ameshikilia nati. Ilimdondoka, akainama kuiokota, basi. Mazuku yalikuwa yamefika kiunoni tu. Kama angebaki amesimama angekuwa mzima. Kando ya mahali alipolala kulikuwa na kuku mwekundu, mkavu, wa tangu jana.

Hospitalini walijaribu kwa muda mrefu. Daktari, mwanamke mpole, alimwambia Wellars kwamba angeokolewa kama angetolewa katika dakika mbili tatu za mwanzo. Wellars alimwuliza kama ana hakika na dakika hizo. Alikuwa anahesabu: mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

Hakumlaumu Hirwa. Watu walitaka amlaumu, ingewafaa. Libérata naye hakumlaumu Wellars kwa mdomo, ila kuanzia siku ile alikuwa akimwekea chakula na kwenda kula chumba kingine. Wellars alijaza fosi mawe meusi, ndoo baada ya ndoo, peke yake, akifukuza kila aliyetaka kumsaidia. Kopo la nyanya alilitupa, kisha akalitafuta kwenye takataka usiku mzima na kulirudisha kwenye rafu. Kazi ya ekzosi hakuiacha. Angeacha angefanya nini? Sasa alifanya kazi amelala chali juu ya kipande cha boksi, gari likiwa limeinuliwa kwa jeki na matofali.

Mwezi wa nne baada ya msiba gari la buluu lilirudi, mdomo wa mbele umefungwa kwa waya. Lilikuja polepole, likijaribu kunyamaza na kushindwa. Wellars alilisikia tangu barabara ya Rugerero na akaweka chini alichokuwa amekishika. Hirwa alishuka. Alikuwa amekonda. Simu haikuonekana.

"Muzee, siwezi kuiendesha. Kila nikikanyaga, nasikia... Naomba uitoe hii ekzosi. Nimeleta ile ya zamani."

Wellars alichukua spana zake. Aliweka jeki, akapanga matofali, akatandika boksi lake na kujisukuma chini ya gari mpaka miguu tu ikabaki nje. Palikuwa na giza kidogo na harufu ya lami. Bomba lilikuwa limeshika vumbi la Kigali. Alilifuta kwa kiganja, na mshono ukatokea, pete juu ya pete, hakuna hata moja iliyoruka. Aliupitisha kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, safari hii bila kuangalia kama kuna anayemwona.

Maisha yao yote ya kazi yeye ndiye aliyekuwa juu. Hakuwahi kujua ile tii-tii inasikika vipi kwa aliye huku chini. Aliinua spana na kugonga bomba mara mbili.

Chuma kililia vizuri, sauti safi, ikakimbia hadi kwenye sailensa na kuisha. Wellars akasubiri. Upande wa pili wa ukuta, Nyirabagenzi aliacha kupima maharagwe. Akagonga tena, mara mbili.

Viatu vya Hirwa vilisogea karibu, vikasimama.

"Muzee?" Sauti yake ilikuwa na woga. "Muzee, uko?"

Wellars aliishusha spana kifuani.

"Niko," alisema. "Nipe kle ya kumi na tatu."